Kanuni ya tahadhari kwenye mabaki ya viuatilifu, nijiteteeje?

Mwanasheria_Mtarajiwa: Wakuu, heshima kwenu. Wiki ijayo nina kesi ya mazoezi darasani. Nimepangwa upande wa serikali iliyopiga marufuku nafaka zenye mabaki ya kiuatilifu ambacho wanasayansi bado wanakibishania. Mpinzani wangu anajigamba atasema "nionyesheni mgonjwa hata mmoja". Mimi nilitegemea kanuni ya tahadhari tu, ile ya kuchukua hatua mapema hata kabla sayansi haijathibitisha madhara. Inatosha?

Mzee_wa_Rufaa: Haitoshi, mdogo wangu. Kanuni ile si hirizi. Soma hukumu ya Pfizer ya 2002, mahakama ya Umoja wa Ulaya. Ilihusu virginiamisini, antibiotiki iliyochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Mahakama ilisema mamlaka hazilazimiki kungoja watu wadhurike, kwa hiyo hoja ya mgonjwa inaishia hapo. Ila ikaongeza kwamba hatari ya kudhania tu haitoshi. Lazima kuwe na tathmini ya kisayansi iliyofanywa kwa kina kadiri inavyowezekana. Pfizer walishindwa kwa sababu tathmini ilikuwepo.

Mkemia: Angalizo dogo. Ulaya, kiuatilifu kisichowekewa kikomo chake cha mabaki hupewa kikomo cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Usije ukamwambia jaji kwamba kuvuka hapo ni sumu! Namba hiyo haikutokana na kupima madhara ya kila dawa, na mpinzani makini atakuumbua.

Mwanasheria_Mtarajiwa: Nashukuru, nilikuwa nimeshaiandika hivyo hivyo 😅 Je, akileta kesi ya nyama yenye homoni, ile ambayo Ulaya waliipiga marufuku?

Mzee_wa_Rufaa: Ataileta tu. 1998, Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kilisema tahadhari haifuti wajibu wa kuwa na tathmini ya hatari. Ulaya wakashindwa. Ibara ya 5.7 ya mkataba wa SPS, ule wa shirika hilo kuhusu usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea, inaruhusu hatua za muda pale ushahidi usipotosha, lakini Ulaya hawakuiegemea, maana marufuku yao haikuwa ya muda. Anayeitumia lazima aendelee kutafuta taarifa na kuipitia upya hatua yake ndani ya muda unaofaa. Yenu ina tarehe ya kupitiwa?

Mwanasheria_Mtarajiwa: Nimeangalia sasa hivi. Haina.

Mzee_wa_Rufaa: Basi 5.7 iache, itakugeuka. Tathmini je?

Mwanasheria_Mtarajiwa: Ipo, kurasa arobaini. Sijaigusa.

Mzee_wa_Rufaa: Leo usilale. Anza nayo hiyo, tahadhari itakuja nyuma yake.