Mtaa wa starehe katikati ya jiji unaweza kubeba klabu ya vichekesho?

Kandili (mleta mada)
Wadau, nisaidieni kabla sijatia saini. Kuna mtaa wa starehe katikati ya jiji, mnaijua aina yake: baa bega kwa bega, disko, sinema, taa mpaka alfajiri. Ghorofa ya kwanza ya jengo moja iko wazi, vinaingia viti 150 bila watu kukaliana mapajani. Nataka niweke klabu ya vichekesho, ya kudumu, si ya tukio moja moja. Hoja yangu ni nyepesi. Watu wako tayari pale, wametoka kwa ajili ya raha na hela wanazo. Sina haja ya kuwatafuta, wananipitia mlangoni. Na gharama ni ndogo: bendi ina watu sita na vyombo vya kujaza lori, mchekeshaji anakuja na mdomo wake tu. Je, mtaa kama huo utaibeba?

BintiMaiki
"Anakuja na mdomo wake tu." Nimefika hapo nikakwama. Kaka Kandili, dakika kumi ninazopanda nazo jukwaani leo zimenila mwaka mzima. Nilizijaribu mbele ya watu wanne, mmoja amelala. Kila neno lililobaki lina wenzake ishirini niliowatupa. Halafu mtu ananiweka kwenye hesabu kama kitu kisicho na uzito kwa sababu sikushusha ngoma kwenye lori. Hiyo klabu yako ife kabla haijazaliwa.

Kandili
Dada, umenielewa vibaya. Nilimaanisha usafiri.

BintiMaiki
Usafiri wenyewe hamlipi.

Hesabu_Kwanza
Povu pembeni kidogo, tuangalie namba. Viti 150. Ijumaa na Jumamosi, maonyesho mawili kila usiku, unapata tiketi 600 kwa wiki, na hapo umejaza mpaka kiti cha nyuma ya nguzo. Mwenye jengo hadai pango la siku mbili, anadai la siku saba. Kwa hiyo tusijadili Jumamosi. Jumamosi hata mwanasesere akipanda tiketi zitakwisha. Tujadili Jumanne. Mtaa wa starehe siku ya Jumanne ni paka na walinzi.

Na ole wako ugawe tiketi za bure ili ukumbi usionekane mtupu. Ukishagawa mara tatu, watu wanajua bei yako ni sifuri, na siku ukiwadai wanakuona mwizi. Marekani walipita njia hiyo. Miaka ya 1980 klabu zilichipuka mpaka kwenye miji midogo, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyingi zikafungwa. Televisheni ilikuwa inawamwaga wachekeshaji bure sebuleni, na klabu nazo zikawa zinagawa tiketi. Nani atoke nyumbani?

Mpita_Njia
Mwanasesere tayari anapanda. Nilimwona wiki iliyopita, alikuwa ndiye mshereheshaji.

Mzee_Mbavu
Binti, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Anayetaka kufungua mlango unamwombea afe? Wakubwa wenu walianza bure. Kule New York, miaka ya themanini kama sikosei, hawa wote waliokuja kuwa matajiri walipanda bila senti. Klabu ndiyo ilikuwa shule yao, na mwanafunzi halipwi mshahara.

BintiMaiki
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, umekosea mji, umekosea mwaka, na umeikata hadithi kabla haijaisha. Ni Los Angeles, 1979, klabu ya vichekesho ya Comedy Store, ya mama Mitzi Shore. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba klabu ni shule. Mhudumu alilipwa, mtu wa mlangoni alilipwa, ila yule aliyewafanya watu wakae na kuagiza alirudi nyumbani mikono mitupu. Wakagoma. Wakasimama nje ya klabu na mabango kwa wiki kadhaa, mchekeshaji mwenzao Tom Dreesen akiwa msemaji wao. Mwishowe wakapata dola 25 kwa kila kupanda. Si hela ya kujengea nyumba, lakini sifuri iliondoka.

Mzee_Mbavu
Marahaba. Mji nimekosea, nakubali. Lakini waliendelea kupanda au hawakuendelea?

BintiMaiki
Waliendelea. Wakilipwa.

Mpita_Njia
Mnagombea Marekani wakati jibu la mleta mada liko London. Mwaka huohuo wa 1979 Peter Rosengard alikuwa ametoka kuiona ile ya Los Angeles, akaungana na Don Ward, wakafungua Comedy Store yao Soho. Soho! Mtaa wa starehe kuliko mitaa yote. Na wapi hasa? Juu ya klabu ya wanawake wa kuvua nguo. Watazamaji walevi, saa za usiku wa manane, na upatu jukwaani: wakikuchoka upatu unapigwa, unashuka. Mshereheshaji wa kwanza alikuwa Alexei Sayle, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Klabu hiyo haikufa. Kandili, saini.

Hesabu_Kwanza
Umesahau kusema ilihama.

Mpita_Njia
Ilihama kwenda karibu na Leicester Square, bado katikati ya starehe. Tangu 1993 ina ukumbi wake huko, wa watu kama 400. Umenisaidia hoja, asante.

Hesabu_Kwanza
Ukumbi wa chini ya ardhi, uliotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Sikukusaidia.

MtuWaSpika
Mimi ni fundi sauti, nimefunga vyombo kwenye baa na kumbi mpaka masikio yamechoka. Swali moja tu kwa mleta mada. Umesema ghorofa ya kwanza. Chini yake kuna nini?

Kandili
Biashara nyingine.

MtuWaSpika
Ipi?

Kandili
Disko. Lakini linaanza kuchangamka saa nne.

MtuWaSpika
Nawe onyesho lako la pili linaanza saa ngapi? Usijibu.

Sauti nyembamba unaizuia kwa zulia, pazia zito, mlango mzuri. Besi, ile sauti nzito ya chini, hujaiweza. Besi haipiti kwenye mlango, inapanda na nguzo, inapita ndani ya zege lenyewe na kumfikia mtu kwenye makalio kabla haijafika sikioni. Zile sponji mnazobandika ukutani zinapunguza mwangwi wa humohumo chumbani, jirani hazimhusu. Ili kumzuia jirani inabidi ujenge chumba ndani ya chumba, sakafu ielee juu ya mpira, na ghorofa yako iwe na nguvu ya kubeba uzito huo. Muulize mwenye jengo, umwone anavyokohoa.

Muziki unaweza kuimba juu ya kelele. Utani hauwezi. Mchekeshaji anajenga, anajenga, halafu ananyamaza nusu sekunde kabla ya kuitoa panchi, lile neno la mwisho linalochekesha. Hiyo nusu sekunde ndiyo mali yote ya klabu. Ikijazwa na duf-duf ya jirani, umelipa pango la bure. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanapenda vyumba vya chini, dari fupi, viti vimebanana. Klabu ya Comedy Cellar ya New York imo humo tangu 1982, chini ya ngazi. Dari ndefu inameza kicheko, mtu anadhani amecheka peke yake, anaona aibu, anaacha.

Mpita_Njia
Na ukuta wa matofali?

MtuWaSpika
Ule ni umaskini uliogeuka mtindo. Klabu ya Improv ya Budd Friedman, New York, 1963. Alibandua mbao za ukutani akakuta matofali, hela ya kufunika hana, akaacha vile. Leo watu wanalipa mafundi wabandike matofali ya uongo.

DadaKaunta
Nimehudumu kwenye ukumbi wa namna hii miaka mitatu, niongeze jambo ambalo wanaume wa namba na wa spika hamlijui. Hela haiko kwenye tiketi, iko kwenye glasi. Ndiyo maana klabu nyingi za Marekani zinakulazimisha vinywaji viwili hata kama huna kiu. Sasa glasi inataka bili, na bili inataka wakati. Ukisubiri onyesho liishe, nusu ya ukumbi imeshatoroka. Kwa hiyo unapeleka bili wakati mchekeshaji mkubwa anaelekea mwisho. Hapo ndipo utaona maajabu: watu 100 waliokuwa wanafuta machozi wanainama kwa pamoja, simu zinawaka, "nani aliagiza hii?" Yule wa jukwaani anadhani ameharibu. Hajaharibu. Wanajumlisha.

Na wateja si sawa. Walevi mnaowaogopa si wabaya, wanalala mapema. Kundi la bethdei ni bovu, mwenye bethdei anataka atajwe jina. Ila meza mbaya kuliko zote ni ya wafanyakazi walioletwa na bosi. Utani ukitoka, hawamtazami mchekeshaji. Wanamtazama bosi kwanza kama kacheka.

MkuuWaIdara
Hii ya bosi ni ubaguzi. Sisi tunaowatoa watu wetu ndio tunaonunua meza nzima, tunalipa bili yote, hatutoroki. Mwaka jana nilichukua meza ya watu kumi na wawili, nikawaambia usiku huu hakuna cheo. Nilichopata? Mtu alipanda, hata habari za jioni hajasema, akaanza na upara wangu. Dakika sita! Nimehesabu.

Mzee_Mbavu
Dakika sita kwa upara mmoja? Huo upara ni mkubwa.

MkuuWaIdara
Mzee, nilikuheshimu.

DadaKaunta
Na watu wako walicheka?

MkuuWaIdara
Mwanzoni hapana.

DadaKaunta
Walikuwa wanakutazama.

MkuuWaIdara
...Ndiyo. Lakini baadaye walicheka kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikera. Kuna mmoja wa uhasibu alishuka chini ya meza. Jumatatu nikamkuta kazini hawezi kuniangalia.

BintiMaiki
Samahani mkuu. Meza ya kumi na wawili, safu ya mbele, koti la kijivu?

MkuuWaIdara
Nani kasema kijivu?

BintiMaiki
Nauliza tu.

Mpita_Njia
Eeeh! Mada imepata mwenyewe. Nakaa hapa.

Kandili
Wadau, naomba turudi. MtuWaSpika alinitia hofu, kwa hiyo Jumamosi nikaomba ufunguo. Nilikwenda na shemeji yangu saa nne na nusu usiku. Chumba kitupu, taa moja. Nikamsimamisha mwisho kabisa, mimi nikasimama pale nilipopanga jukwaa. Nikamwambia nitasema sentensi moja kwa sauti ya kawaida, bila kipaza. Nikasema. Akaweka mkono sikioni akasema, "Ee?" Nikarudia. Akasema, "Sogea kidogo." Niliposogea hatua kumi ndipo akanisikia, naye hakucheka, ila hilo naweza kuwa na lawama mimi. Dirisha lilikuwa linatetemeka kwenye fremu kama meno.

Wapita njia walikuwepo, hilo sikukosea. Nilisimama mlangoni nusu saa. Ila wanapita kwa makundi ya watu wanane, kumi, na tayari wameshabishana waende wapi. Niliwauliza kadhaa kama wangekaa kimya saa moja na nusu kumsikiliza mtu mmoja. Kijana mmoja aliniuliza kama naumwa.

MtuWaSpika
Na hapo ukumbi ulikuwa mtupu. Ukiwa na kipaza utasikika, ila utakuwa unapigana na besi usiku kucha, nao watatoka wamechoka wasijue kwa nini.

MkuuWaIdara
Narudia swali langu. Binti ulijuaje rangi ya koti?

Hesabu_Kwanza
Mkuu, kuna mtu hapa anataka kupoteza akiba yake, subiri. Kandili, mwenye jengo anataka jibu lini?

Kandili
Ijumaa.

Mzee_Mbavu
Mwache aseme bei mara ya pili. Jengo lililokaa wazi juu ya disko lina sababu ya kukaa wazi.

DadaKaunta
Umesema mtaani kuna sinema. Sinema zina vile vyumba vidogo vya watu 80 hivi, na katikati ya wiki vinalala. Viti vimeshafungwa, giza lipo, ukuta umejengwa mahsusi filamu ya chumba hiki isisikike cha pili. Omba usiku mmoja kwa wiki, Jumanne. Wale wanaotoka Jumanne kwa ajili yako hasa ndio wateja. Wa Jumamosi ni wa mtaa, si wako.

MtuWaSpika
Dari itakuwa ndefu.

DadaKaunta
Wewe nawe kila kitu dari. Mwambie ajaze safu za mbele, za nyuma azifunge kamba.

Mpita_Njia
Kwa hiyo jibu la swali ni ndiyo au hapana? Mimi nilisema saini.

Kandili
Nitaongea na watu wa sinema kesho. BintiMaiki, najua tulianza vibaya. Ukipanda Jumanne, dakika ishirini, unataka kiasi gani?

BintiMaiki
Tuanzie kwenye usafiri.

MkuuWaIdara
Na lile koti lilikuwa bluu.