Paka wangu hawatoki nje kabisa. Je, bado wanahitaji dawa ya viroboto na minyoo?

BintiUpanga

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa mnaofuga paka wa ndani, hasa mlioko Pwani.

Nina paka wawili. Chausiku ni jike, ana miaka mitatu. Pili ana miezi minne, nimepewa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Tunakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, madirisha yana nyavu, na tangu Chausiku afungwe kizazi hajakanyaga udongo. Choo chao ni beseni la mchanga stoo. Wanakula wali na dagaa wa kuchemsha, siku nyingine vichwa vya samaki kutoka soko la Feri, na usiku Chausiku anawinda mende jikoni.

Mtaalamu mmoja ameniambia nitumie dawa kila mwezi mwaka mzima, matone ya shingoni pamoja na vidonge. Jirani yangu anasema paka asiyetoka hana pa kuokotea mdudu, nisimjaze sumu bure. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo akanionyesha matone ya mbwa, eti ni yaleyale, nigawe tu kidogo kidogo. Sikuyanunua, nafsi ilikataa.

Kinachonisukuma kuuliza leo ni mdogo wangu. Ni mjamzito, anakuja kukaa kwangu mpaka ajifungue, na mama ameshaanza kusema paka waondoke. Sitaki kuwaondoa, na sitaki kumhatarisha mdogo wangu. Ninyi mnaamuaje?

Mzizima

Wangu ni mzee sasa, hajawahi kupewa kitu zaidi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ni mzima. Mpe chakula kizuri. Hayo ya kila mwezi ni biashara.

MifugoTanga

Dada BintiUpanga, nafanya kazi ya afya ya mifugo huku Tanga, na ng'ombe ndio wengi, lakini paka wananifikia kila wiki. Naomba nikujibu kwa urefu kidogo.

Nianze na matone ya mbwa, kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo linaloweza kuua paka usiku mmoja. Dawa nyingi za mbwa za aina hiyo zina permetrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaivumilia. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, kwa hiyo inamkaa mwilini: anaanza kutetemeka masikio na ngozi, anatoka mate, kisha degedege. Kugawa nusu au robo hakumwokoi. Dawa za kuogeshea ng'ombe zenye sipermetrini au amitrazi nazo ni hivyohivyo, na nimeletewa paka waliochovywa humo na watu waliowapenda kabisa. Ikitokea kwa yeyote anayesoma hapa, mwoshe paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, kimbia kwa daktari. Usisubiri aone nafuu.

Na vile vidonge vya albendazoli ambavyo kila mtu anavyo kabatini, acheni kuwavunjia paka. Vinaweza kuharibu uboho, pale damu inapotengenezwa.

Sasa swali lenyewe. Mimi huwa siulizi kama paka anatoka. Nauliza nini kinaingia. Kwako naona njia nne: viatu na nguo zenu, mende, vyakula, na Pili mwenyewe.

Pili ndiye mlango mkubwa. Watoto wa paka hupata minyoo ya mviringo kupitia maziwa ya mama yao, kwa hiyo hata angezaliwa kwenye ghorofa ya kumi angekuja nayo. Mtoto wa umri wake anywe dawa ya minyoo kila mwezi mpaka afikishe miezi sita. Hapo sina mjadala.

Chausiku ni habari nyingine. ESCCAP, jopo la wataalamu wa vimelea wa Ulaya, linashauri paka mkubwa asiyetoka apewe dawa ya minyoo mara 1 au 2 kwa mwaka, au apimwe choo badala yake. Anayetoka na kuwinda, angalau mara 4. Chausiku anakula mende, na mende huweza kubeba mayai ya minyoo, halafu sasa anaishi na mtoto. Mimi ningempa leo pamoja na Pili, kisha nimweke kwenye mara mbili kwa mwaka. Kila mwezi kwake sioni sababu.

Soma jina la dawa ndani ya kidonge. Piperazini inatoa minyoo ya mviringo tu. Pirantel inatoa hiyo na safura. Tegu anataka prazikwanteli, na tegu wa kawaida wa paka wetu anatokana na kumeza kiroboto wakati anajilamba. Ukiona vitu kama punje za mchele vimekauka chini ya mkia au kwenye khanga anayolalia, huyo ni tegu, na maana yake viroboto wamo ndani hata kama hujawaona. Ukimpa prazikwanteli ukaacha viroboto, tegu atarudi.

Kwa viroboto fanya hivi kabla ya kununua chochote. Chukua lile chanuo la chawa lenye meno ya kubanana, mchane kiunoni karibu na mkia, kisha kung'uta kilichotoka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Chembe nyeusi zikibaki nyeusi ni uchafu wa kawaida. Zikichuja rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu aliyofyonza kiroboto akainya. Ukikuta hivyo, tibu paka wote wa nyumba kwa pamoja kwa miezi mitatu mfululizo, kwa dawa iliyoandikwa ya paka: fipronili, au selamektini. Miezi mitatu kwa sababu kiroboto jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, yanadondoka kwenye kochi na mkeka, na buu akishajifungia kwenye kifuko chake anaweza kukaa humo miezi akisubiri joto na mtikisiko wa mtu anayepita. Dawa ya shingoni haimfikii huko. Fagia chini ya kochi, fua matandiko kwa maji ya moto, anika jua kali.

Mdogo wako sasa. Ugonjwa anaouhofia mama ni wa toksoplasma, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, na hofu yake ina msingi, ila paka kuondoka si jibu. Paka huutoa kwenye kinyesi kwa kawaida wiki 1 hadi 3 tu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa panya au nyama mbichi. Kinyesi kikitoka hakiambukizi papo hapo. Kinahitaji siku 1 hadi 5. Kwa hiyo wewe, si yeye, usafishe beseni kila siku bila kuruka. Msiwape paka nyama wala samaki mbichi. Vile vichwa vya Feri vichemsheni. Mjamzito apikiwe nyama ikaiva kabisa, mchicha na kachumbari vioshwe vizuri, kwa maana wengi huupata jikoni. Hakuna dawa ya viroboto wala minyoo inayozuia toksoplasma, asikudanganye mtu. Na amweleze mkunga kliniki kuwa nyumbani kuna paka.

Mwanapate

Ahsante MifugoTanga. Mimi ni wa Lamu, naongeza la mbu, kwani yeye hapigi hodi ghorofani. Mwaka 1958 watafiti Buckley, Nelson na Heisch walimwelezea mnyoo wa filaria waliyemkuta kwa paka na mbwa wa kisiwa chetu cha Pate, ambaye leo anaitwa Brugia patei. Anakaa kwenye mishipa ya limfu na huenezwa na mbu. Simtishi mtu, ila matone ya viroboto hayakingi kila kitu. Zibeni matundu ya nyavu, hata watoto watalala vizuri.

BintiUpanga

Nimefanya la chanuo jana. Chausiku alitoa nywele tupu. Pili, chembe tatu zilichuja nyekundu kwenye karatasi, mama mwenyewe akaziona. Kwa hiyo wote wawili wanapata fipronili ya paka, na vidonge vyenye pirantel na prazikwanteli. Beseni ni langu. Mama amekubali wabaki, mradi wasilale chumba cha mdogo wangu.

Swali moja la mwisho: uzito naupataje bila mizani ya paka? Na wanapenda kulambana shingo, je, si watakula dawa?

MifugoTanga

Panda mzani wa watu umembeba, kisha panda peke yako, toa. Pili akiwa chini ya kilo 1 usimwekee fipronili kwanza, mchane kila siku. Matone weka chini kabisa ya fuvu, ukipasua manyoya hadi uione ngozi, na uwatenge vyumba tofauti mpaka pakauke. Fanya jioni, waamke pamekauka. Akiilamba kidogo akatoka povu ni uchungu wa ladha, mpe maji. Akitetemeka, usikae nyumbani.