Presha yapimwa JUU YA KOTI, yatangazwa kwa spika! Huyu jamaa wa hema jeupe katudhalilisha vya kutosha

Mshale wa Zebaki

Wakuu, salamu baadaye. Simtaji jina kwa sababu mnamjua. Hema jeupe la kupimia presha pale stendi, meza ya plastiki, spika kubwa kuliko friji ya baa, na lile koti la udaktari ambalo halijawahi kuonja harufu ya wodi. Klipu yake ya asubuhi hii imeshafika mpaka kwenye magrupu ya michango ya harusi.

Mama wa watu kashuka kwenye basi, anahema, jasho linamtiririka, safari ya usiku kucha na choo hajaenda. Kakalishwa kwenye kistuli kisicho na mgongo. Miguu inaning'inia, mkono unaning'inia, na mkanda wa mashine ukafungwa JUU YA KOTI. Siyo juu ya blauzi. Koti! La mtumba, zito, lenye manyoya shingoni, lile unaloweza kulilalia kama godoro. Mashine inajaza upepo, jamaa naye anahoji: mama umetokea wapi, una watoto wangapi, mzee yupo? Namba ikatoka. Akasogeza maiki mdomoni: "MIA SABINI NA NANE KWA MIA NA NNE! Huyu mama ni maiti inayotembea!"

Stendi nzima ikageuka. Makonda wakageuka. Muuza mayai akaacha kumenya.

Mama akauliza kwa kasauti kadogo, sikilizeni vizuri pale mwishoni: "Lazima wasikie wote?" Unajua jamaa alifanya nini? AKAIRUDIA NAMBA. Kwenye spika. Polepole, kama anasoma matokeo ya bahati nasibu.

Presha haipimwi kama unga jamani. Mtu anatulia dakika 5, ameegemea, nyayo zote zimekanyaga chini, hajakunja nne. Nusu saa kabla hajanywa kahawa, hajavuta sigara, hajakimbiza basi. Mkojo ameshautoa. Mkono unakuwa wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo, ukingo wa mkanda uko kama vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko. Mpira wa ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakupa presha ambayo mtu hana. Mkono ukining'inia chini ya moyo, namba inapanda. Ukiongea, inapanda. Kibofu kikijaa, inapanda. Unapima mara 2 au 3, ukiacha dakika moja katikati, unachukua wastani. Na hata ikija 140/90 humpi mtu jina la mgonjwa mpaka irudie siku nyingine. Jamaa kakusanya makosa yote hayo akayapandisha kwenye kistuli kimoja, halafu JUU YA KOTI.

Kama hiyo haitoshi, akatoa kapsuli ya nifedipini, dawa ya kushusha presha: ing'ate, weka chini ya ulimi. Hivi bado tuko huko? Chini ya ulimi kwenyewe hainyonywi vizuri, mtu anaimeza na mate, kisha presha inaporomoka bila breki. Ubongo na moyo vilivyozoea presha ya juu vinakosa damu ghafla, na huko kukosa damu kunaweza kuleta kiharusi au mshituko wa moyo. Jarida la JAMA, la madaktari wa Marekani, lilichapisha wito wa kuacha mtindo huo mwaka 1996. Kuna watu wana watoto wawili walikuwa hawajazaliwa mwaka huo.

Wataalamu walipomuuliza kwenye maoni, kajibu hivi: "Wanaotaka nivue watu makoti ni wauguzi wenye wivu." Wivu! Wivu wa nini, wa spika?

Kokoto

Naweka kambi hapa. Mwenye klipu nzima aitume, ya kwangu imekatikia kwenye mayai.

Gozi na Plasta

Nakazia. Koti linauma, ila mimi naumia zaidi na maiki. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, tangu liliporekebishwa 1968 linamtaka daktari atunze siri ya mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Huyu hakusubiri hata mgonjwa ashuke kwenye kistuli.

Na kupima hadharani kunawezekana bila kumvua mtu nguo wala utu. Shuka moja la kukinga, viti viwili vyenye mgongo, kimoja cha kupumzikia na kimoja cha kupimia. Uliza kwanza kama anataka kupimwa. Namba unaiandika kwenye karatasi, unaikunja, unampa mkononi. Ikija zaidi ya 180/120, mpumzishe, rudia. Akiwa na maumivu ya kifua, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea, anaona ukungu au anahema kwa shida, hapo hakuna mjadala, gari hospitali. Asipokuwa na dalili yoyote anapewa rufaa aonwe mapema na aanzishiwe vidonge vya kushusha taratibu. Hakuna anayepewa kapsuli ya kung'ata kama pipi.

Mzee wa Kupinga

Mleta uzi umeandika JUU YA KOTI kwa herufi kubwa mpaka simu imepata joto. Hebu kaa, egemea, nyayo chini, dakika 5, usiongee. Tukupime wewe kwanza.

Mshale wa Zebaki

Nyayo ziko chini. JUU YA KOTI mkuu. LENYE MANYOYA.

Mzee wa Kupinga

Umeongea. Tunaanza upya dakika 5.

Shangazi Mtandao

Mnamsema bure. Jamaa anapima watu burebure, zahanati foleni ni nusu siku. Si bora yeye?

Gozi na Plasta

Bure ndiyo, halafu ile chupa ya kahawia ya kusafisha mishipa anaiuza elfu thelathini na tano. Ndiyo maana namba lazima iwe kubwa na lazima isikike. Ungekuwa unauza miavuli ungetangaza jua?

Kokoto

Hahaha miavuli. Nimeokota hiyo.

Darubini Kavu

Mnalilia koti wakati kuna watu wana "taifodi" ya kila mwezi? Yule wa maabara ya kichochoroni, nanyi mnamjua, homa ikiingia tu anatoa karatasi ya kipimo cha damu cha Widal: 1:160, taifodi, sindano za siku saba. Kile kipimo hakimtafuti mdudu, kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza kupambana na mdudu. Uliwahi kuugua zamani, ulichanjwa, au una maambukizi mengine kabisa, kinaweza kuwaka. Namba moja ya siku moja haithibitishi kitu. Anayetaka uhakika anaotesha damu maabara ili mdudu mwenyewe aonekane, na damu hiyo itolewe KABLA ya antibayotiki. Sasa watu wanachomwa sindano wee, wanarudia kipimo, kingamwili bado zipo, wanaambiwa taifodi imekuwa sugu. Sugu ni biashara.

Mseto Saa Nane

Umenigusa mkuu. Ongeza na wanaorudia kipimo cha haraka cha malaria wiki moja baada ya dozi, mistari inatokea miwili, wanapewa dozi nyingine. Vingi vya vile vipimo vinanasa protini ya mdudu, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Homa ikirudi mapema hivyo, nenda kwenye darubini, vimelea vihesabiwe.

Na dozi yenyewe wanaiua kabla haijafanya kazi. Mseto, ile dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa mkupuo, mara sita. Mkupuo wa pili ni saa 8 baada ya wa kwanza, hapo ndipo wengi wanalala. Baada ya hapo asubuhi na jioni kwa siku mbili. Na umeze na chakula chenye mafuta, maana lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo, inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Watu wanashushia na chai ya rangi halafu wanasema dawa feki. Ukitapika ndani ya saa moja, unarudia mkupuo huo.

Shangazi Mtandao

Mafuta kama nini? Karanga ni mafuta?

Mseto Saa Nane

Karanga, maziwa, parachichi, vyote sawa. Hujaambiwa unywe mafuta ya kula.

Mzee wa Kupinga

Kuna mtu hapa ameshakunywa mafuta ya kula.

Mshale wa Zebaki

Wakuu, tunaweza kurudi kwenye koti? Mama aliuliza kwa upole kabisa, lazima wasikie wote, na yeye AKARUDIA.

Dada wa Kichupa

Koti litasubiri, sisi tuna "UTI sugu", maambukizi ya njia ya mkojo. Hakuna ugonjwa unaosingiziwa kama huu. Kiuno kikiuma UTI, usingizi ukikosekana UTI, ukigombana na mume UTI. Mtu anapewa kichupa bila maelezo hata neno moja, anakojoa anavyojua, majibu yanakuja na seli za ngozi kibao. Seli nyingi za ngozi maana yake sampuli imechafuka njiani, haisemi chochote kuhusu kibofu. Hapo hapo anaandikiwa antibayotiki. Na bakteria kuonekana kwa mtu asiye na dalili hakutibiwi, isipokuwa mjamzito au anayeandaliwa upasuaji wa njia ya mkojo. Mnataka majibu ya kweli, pelekeni mkojo wa katikati.

Darubini Kavu

Na ufike maabara ndani ya saa mbili. Wengine wanakojoa alfajiri nyumbani, kichupa kinazunguka na daladala mpaka saa tano, bakteria wawili wameshakuwa ukoo.

Kokoto

Samahani. Katikati ya nini?

Mzee wa Kupinga

Katikati ya stendi, mbele ya spika.

Dada wa Kichupa

Msimcheke, ndiyo maelezo ambayo hakuna anayeyatoa. Nawa mikono, safisha sehemu kwa maji, wanawake kutoka mbele kwenda nyuma. Ule wa kwanza uache uende chooni. Bila kukatisha, ingiza kichupa, kinga mpaka nusu. Kitoe, malizia chooni. Usiguse ndani ya kichupa wala mfuniko.

Kokoto

Bila kukatisha? Na simu nishike na mkono gani?

Shangazi Mtandao

Mods, hamisheni uzi jukwaa la mkojo.