Miche 12 inafidia petroli ya pikipiki yangu?

mizizi_7: Wakuu habarini, nisaidieni maana hili swali linaninyima usingizi. Mwaka jana nilipanda miche 12 nikajiambia basi mimi na mazingira hatudaiani tena, hata nikiwasha pikipiki kila siku poa tu. Natumia kama lita 8 za petroli kwa wiki. Sasa miche 5 imekufa na hii 7 iliyobaki inanifika kiunoni, nikaanza kujiuliza hivi mti unanyonya kiasi gani kweli cha ile hewa chafu ya pikipiki? Hii kitu inahesabiwaje?

kivuli_kipana: Mkuu hesabu yake sio ngumu. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto duniani, ndio, inazidi uzito wa petroli yenyewe kwasababu kaboni inashikana na oksijeni ya hewani. Njoo kwenye mti, karibu nusu ya uzito wake ukikauka ni kaboni, na kila kilo ya hiyo kaboni ni kama kilo 3.7 za hewa ukaa iliyonyonywa. Kwahiyo mti ambao mkavu ungekuwa na kilo 100, mizizi ikiwemo, umeshika kama kilo 183, sawa na lita 80, yani wiki 10 za pikipiki yako. Mche wa kiunoni mkavu haufiki hata kilo moja, kwahiyo yote 7 kwa pamoja bado haijafidia wiki moja. Na ukija kuukata ukauchoma, ile hewa inarudi ilikotoka. Usikate tamaa lakini, ipe miaka, ila petroli ipunguze sasahivi, safari mbili unganisha iwe moja, matairi yasikae bila upepo, hapo faida unaiona wiki hiyohiyo.

jembe_la_asubuhi: Mimi nimeumia na hiyo 5 iliyokufa. Ulichana kiriba, ile nailoni ya mche, kabla ya kufukia? Mimi nilichimbua mche wangu uliokauka nikakuta mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama kamba iliyokunjwa, haikupata hata pa kutokea, iliniuma sana. Chana kiriba, mizizi iliyojikunja ikate, weka matandazo, yani majani makavu ya kufunika udongo, ila yasiguse shina. Na tafuta miti ya asili ya eneo lako, wadudu na ndege wanaijua.

kivuli_kipana: Naongezea, kama hapo palikuwa mbuga ya nyasi tangu zamani paache bila kupanda miti, udongo wa nyasi nao unatunza kaboni nyingi tu.

mizizi_7: Asanteni sana wakuu. Nimetoka kuchimbua mmoja sasahivi, kiriba kipo kizimakizima, hata maandishi yake yanasomeka. Kesho naanza na hii 7 kuangalia mmojammoja kabla jua halijawa kali, hivi naweza kuchana kiriba mti ukiwa umeshakaa ardhini mwaka mzima au nitaua?

jembe_la_asubuhi: Subiri mvua zianze, chimba pembeni taratibu, chana ubavuni bila kuutingisha. Halafu maji mengi siku hiyohiyo.