Kiongozi anamkingia kifua waziri mbele ya wakulima wa korosho walioharibikiwa maua, kisha anatuomba makofi!

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimetoka uwanjani sasa hivi, vumbi bado liko miguuni, na nimeona niandike kabla hasira haijapoa. Waziri mwenyewe mnamfahamu, na aliyekuja naye mnamfahamu zaidi, kwa hiyo sitapoteza muda kwa majina. Tulikaa juani tangu saa tatu asubuhi tukisubiri jambo moja tu, nalo ni kuambiwa kwa nini salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilifika ghalani wakati maua ya mikorosho yalikwisha kuliwa na ubwiriunga. Msafara ukafika saa tisa alasiri. Kiongozi alipanda jukwaani, akamwita waziri wake, akamshika mkono, akauinua juu kama mwamuzi anavyomwinua bondia aliyeshinda, akasema tumwache afanye kazi. Kisha akatuomba makofi.

Makofi, ndugu zangu!

Pembeni yangu alikaa mama mmoja kutoka Kitangari, ambaye alikuwa amefunga ndani ya kanga kitawi cha mkorosho wake ili akimwonyeshe mheshimiwa. Maua yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moshi, na ukiyagusa yanapukutika. Mkono ulipoinuliwa kule jukwaani, yule mama alikitazama kitawi chake, akakifunga tena taratibu, akakiweka chini ya kiti. Hakusema neno.

Asiyelima korosho aelewe kwamba ubwiriunga ni ukungu mweupe mfano wa unga, unaoshika maua na majani machanga, na kwamba salfa hupulizwa mapema, maua yanapoanza kuchomoza, kisha hurudiwa. Kuileta maua yakishakauka ni kumpelekea dawa mtu aliyekwisha kuvishwa sanda. Sasa anayesimamia jambo hilo ndiye anayeinuliwa mkono, na mkono wenyewe ulikaa juu muda ambao shangazi yangu angekwisha kubangua debe zima la korosho. Angembeba mgongoni kwa mbeleko, tungejua moja kwamba ni mtoto na watoto hawaulizwi.

Katiba yetu, Ibara ya 53(2), inasema mawaziri watawajibika kwa pamoja Bungeni, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu. Na si kwamba hatujawahi kuona mtu akiwajibika. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Desemba 2013, baada ya taarifa ya Bunge kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, mawaziri wanne walitoka kwa siku moja, na Khamis Kagasheki alisimama mwenyewe Bungeni kutangaza kwamba anaondoka. Hao hawakuinuliwa mkono. Kama huyu wetu hana kosa, basi kiongozi atuambie mwenye kosa ni nani, meli ilikwama wapi, zabuni ilichelewa kwa nani. Hakusema hata moja kati ya hayo. Aliinua mkono tu, na mimi kila nikifumba macho nauona ule mkono.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa Nanyamba: Mleta uzi, nilikuwa mstari wa nyuma yako, na makofi ulipiga. Usitufanye sisi wengine ndio waoga.

Mleta uzi: Sikupiga, mkuu. Waliopiga ni wale waliovalishwa fulana na kuletwa kwa mabasi.

Babu wa Masasi: Kijana, hasira yako ni ya haki, lakini kumbuka Novemba 2018. Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara waliondolewa kwa ajili ya korosho hizi hizi, bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, na bado wapo wazee waliosubiri malipo yao miezi na miezi. Mimi mmojawapo. Kuondolewa kwa waziri hakukunilipia ada ya mjukuu.

Mleta uzi: Shikamoo, babu. Sikatai, ila angalau mwaka ule hatukuombwa makofi.

Mwana Nachingwea: Nyie wa Mtwara mnalia kwa sababu mlitembelewa. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi, bei ilianguka, na magunia yakatuozea ndani. Kijijini kwetu hakufika hata huyo waziri wa kuinuliwa mkono. Fungueni uzi wa mbaazi na ufuta tuone nani ameumizwa zaidi.

Msimbati Damu: Mbaazi gani? Sisi mwaka 2013 tuliuliza habari ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, tukajibiwa kwamba gesi ni ya taifa zima. Siku bajeti ya Nishati iliposomwa, Mei 22, mji wa Mtwara ulifunikwa na moshi wa mabomu ya machozi. Nyie mmeombwa makofi tu.

Babu wa Masasi: Hilo la gesi lianzishiwe uzi wake, wajukuu zangu, maana nalo lina mengi.

Mkulima wa Nanyamba: Jamani, salfa inagawiwa jioni hii kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika. Mikorosho yangu ya bondeni bado ina maua machache. Mwenye bomba la kupulizia la kukodisha anijibu hapa.