Tupeane uzoefu: kushindwa kuzuia mkojo, aina zake na tiba iliyokusaidia

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naomba tuzungumzie tatizo hili bila kuoneana haya, kwa kuwa wengi hulificha chini ya kanga wakidhani halina tiba. Baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu, mkojo ulinitoka kila nilipokohoa, kupiga chafya au kujitwika ndoo. Muuguzi alinieleza kwamba ujauzito na uzazi hulegeza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, akanifundisha kuibana misuli ile ile ambayo mtu huitumia kuzuia upepo wa tumboni usitoke, kuihesabia taratibu hadi kumi, kuilegeza, kisha kurudia mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni, bila kukaza tumbo wala kuzuia pumzi. Mazoezi haya yanataka subira ya miezi mitatu hivi, lakini kwangu yametosha.

Mchangiaji wa pili
Asante, dada. Langu ni la namna nyingine: haja hunijia ghafla, na mara nyingi nilikuwa sikifikii choo. Daktari alianza kwa kupima mkojo na sukari, kwani maambukizi na kisukari huweza kuleta hali kama hii, na vyote havikuonekana. Alinitaka nipunguze kahawa na chai, na nizoeze kibofu kwa kuchelewesha haja dakika chache, nikiziongeza kidogo kidogo. Dawa ya kutuliza kibofu aliyoniongezea ilisaidia, ingawa ilinikausha mdomo. Tafadhali msiache kunywa maji, maana mkojo mzito hukichokoza kibofu zaidi.

Mchangiaji wa tatu
Baba yangu alikuwa akivuja matone mchana kutwa, nasi tukasema ni uzee. Kumbe tezi dume lilikuwa limevimba na kuziba njia, kibofu kimejaa pomoni na kinachotoka ni kile kinachofurika. Aliwekewa mpira wa mkojo, akapewa dawa, na hatimaye akafanyiwa upasuaji.

Mchangiaji wa nne
Nawaombea wote wepesi, lakini naomba fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu, isichanganywe na hayo. Mdogo wangu alikaa na uchungu pingamizi, yaani mtoto alikwama asiweze kutoka, kijijini, mbali na hospitali. Kichwa cha mtoto kikakibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga kwa muda mrefu, damu isipite, nyama ya hapo ikafa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Alimpoteza mtoto, kisha mkojo ukawa unamtoka usiku na mchana, awe amelala au amesimama, na mumewe akamrudisha kwetu. Mazoezi hayazibi tundu, wala dawa za kienyeji alizonyweshwa hazikufaa kitu. Linalohitajika ni upasuaji. Alitibiwa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ambako matibabu ya fistula hutolewa bila malipo na nauli imekuwa ikitumwa kwa simu ili umaskini usimzuie mgonjwa. Alikaa na mpira mpaka kidonda kikapona, akaelezwa kwamba akishika mimba tena azalie hospitali kwa upasuaji. Mwenye ndugu anayevuja mfululizo baada ya kujifungua amwahishe hospitali, kwa sababu tundu dogo likiwahiwa katika wiki za mwanzo huweza kujiziba kwa kuwekewa mpira peke yake.