Tupeane uzoefu: mzazi anayesahau, mnaishi naye vipi hapa Bukavu?

Wandugu, naomba tuongelee jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mama yangu ana miaka 76. Aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu tangu mimi niko mgongoni. Kusoma hakujua, lakini madeni ya wateja wote alikuwa nayo kichwani, hadi franka ya mwisho. Miaka mitatu iliyopita akaanza kumrudishia mtu mmoja chenji mara mbili. Kisha sombe ikatiwa chumvi mara tatu. Siku moja akaniangalia na kuniuliza kwa heshima kabisa: "Mama, wewe ni wa kwa nani?"

Shangazi akasema ni karuho, amelishwa sumu na wenye wivu wa sokoni. Tukachukua pesa ya shule ya watoto, tukampeleka kwa mtu wa kutapisha. Siku mbili mama anatapika. Tulirudi naye hana nguvu, na kusahau ni kulekule. Naandika hili kwa uchungu, maana mimi ndiye niliyemshika mikono.

Siku hizi anaamka saa kumi za usiku, anajifunga kikwembe, anatafuta beseni awahi mitumbwi. Mwanzoni nilikuwa nikimfungia mlango: "Mama, hauuzi tena!" Analia, ananipiga. Sasa ninawasha taa, ninamwekea maharagwe kwenye beseni lake lilelile. Vidole bado vinajua kazi. Anachambua, anatoa kijiwe, anakiweka pembeni, na katikati ya kazi anapapasa fundo la kikwembe alikokuwa akifunga pesa. Likiwa tupu anahangaika, anasema ameibiwa. Basi nimemfungia humo noti kuukuu chache. Akizigusa, anatulia.

Nyinyi mnafanyaje?

Kaka wa Bagira
Pole sana dada. Baba yangu hutoka bila kuaga, anadai anarudi Costermansville, jina la mji huu wakati wa Wabelgiji. Kumwambia "baba, ndiko hapa" ni kuanzisha vita. Siku hizi ninamuuliza kulikuwaje huko, tunatembea wote, anasimulia, na tukizunguka kidogo anakubali kurudi nyumbani. Siku zile anazonitoroka, wamenisaidia vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria. Nilienda kwenye kona yao na picha yake na namba yangu ya simu. Wameshamrudisha mara tatu, mara moja kutoka karibu na mto Ruzizi, na hawakunidai kitu. Nilikuwa ninaficha kwa aibu. Nilipowaambia watu ndipo nilipopata wa kunisaidia.

Dada wa Nguba
Mama mkwe alikuwa akiongea usiku na mume wake marehemu. Wakaanza kusema ni mchawi, watoto wa avenii wakamtupia mawe. Mchungaji wetu, Mungu ambariki, alimketisha mstari wa mbele kanisani akasema: "Huyu ni mama yetu, anaumwa ubongo." Mawe hayakuisha siku hiyo, lakini yaliisha.

Muuguzi wa Ibanda
Nimesoma habari ya kutapisha nikaumia. Mzee anayetapishwa anaishiwa maji mwilini, na akili inavurugika zaidi. Huu ni ugonjwa unaojulikana zamani. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke wa Frankfurt, Auguste Deter. Yule mama alianza kwa kumwonea mume wake wivu usio na sababu, mwishoni hata jina lake likawa linamponyoka. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa na mabonge na nyuzi zilizosokotana. Ugonjwa ukapewa jina lake, Alzheimer. Na huo si aina pekee, kuna kusahau kunakoletwa na mishipa ya damu ya kichwani kuziba kidogo kidogo.

Mtaulizwa habari za dawa mpya. Zipo: Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab mwaka 2023, ikafuata donanemab mwaka 2024. Lecanemab ilijaribiwa kwa watu karibu 1,800 kwa miezi 18, na ugonjwa ulipunguza mwendo kwa asilimia 27 hivi. Nasema mwendo, kwa sababu kumbukumbu iliyopotea hairudi. Ni za wale walio mwanzoni tu, kwa kawaida hutundikwa kwenye mshipa, na lazima kichwa kipigwe picha za MRI kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Tafadhali, asiuze mtu shamba kuzikimbilia.

Linalonipa moyo ni kwamba Daktari Jean Ikanga, Mkongomani, na wenzake wanawachunguza wazee wa Kinshasa wenyewe, hawabahatishi kwa kuangalia Wazungu tu. Na mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, wakasema karibu nusu ya magonjwa haya ya kusahau ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha, sukari, masikio yasiyosikia na macho yasiyoona vimo. Hayo tunaweza kuyapima hapahapa.

Ila mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msisubiri. Inaweza kuwa malaria au maambukizi ya mkojo, na hayo yanatibika.

Mama wa Kadutu
Mimi naongea kwa ajili ya anayemlea. Nililea mume wangu mpaka nikaanza kumchukia, nikaogopa moyo wangu mwenyewe. Wenzangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, ndio waliona. Wakapanga zamu: kila Alhamisi mmoja anakaa naye, mimi naenda kulala kwa dada yangu. Kulala tu.

Aliyeanzisha
Aksanti sana wote. Muuguzi, jana nimempeleka mama, presha ni 18 kwa 10, yaani 180 kwa 100, iko juu sana. Miaka yote hii hakuna aliyekuwa amempima. Ameanza dawa leo. Mama wa Kadutu, nimesoma maneno yako mara mbili, kesho nitaongea na wa likelemba yangu.

Ni saa kumi kasoro, namsikia anatafuta beseni. Ninaenda kuwasha taa.